Nilivyoifupisha Kamba ya Mzee Paskasi

Mzee Paskasi hakuzaliwa karibu na maji. Alishuka kutoka milima ya Mbulu akiwa kijana, akitafuta kibarua, na mpaka leo hajui kuogelea. Miaka ishirini na sita amevusha watu na mizigo Ziwa Babati kwa boti ya mbao, viboko wakimtazama, na hajapoteza mtu wala kuku. Ukimuuliza siri, anakwambia siri haiko katikati ya ziwa. Boti nyingi, anasema, haziharibikii safarini. Zinaharibikia gatini, zikiwa zimefungwa, mwenyewe yuko nyumbani anakula.

Kwa hiyo kazi aliyoiheshimu kuliko zote ilikuwa kufunga. Matairi manne makuukuu ya bajaji yananing'inia ubavuni, mbao zisigongane na nguzo za gati. Kamba mbili, moja mbele na moja nyuma, na kila moja anaiachia urefu wa mikono miwili ilegee, maana mvua ikinyesha huko juu ziwa linajaa. "Iache ipande na maji, ishuke na maji," alikuwa akituambia sisi abiria, kama padre anayerudia somo. Sisi tulikuwa tunaangalia saa.

Mimi nauza nyanya. Nilianza na ndoo moja stendi. Sasa nanunua shamba zima likiwa bado kijani. Wakati wa masika barabara ya ng'ambo inakuwa tope tupu, kwa hiyo matenga yangu yanapita ziwani kwa boti ya Paskasi. Nauli yake nimeivuta chini kila mwaka na sioni aibu kwa hilo, alikubali mwenyewe. Aibu yangu ni nyingine.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne. Tulifika na matenga kumi na mawili, Paskasi akafunga boti kama kawaida yake, akaniachia nishushe mzigo wangu kwa sababu alikuwa anawahi msiba Maisaka. Boti ilikuwa inacheza. Matairi yanaisukuma mbali na gati, kamba zimelegea, na kila nikikanyaga na tenga kichwani inanikimbia. Nimepanda malori ya nyanya kwenda Arusha miaka saba, na kwenye lori sheria ni moja: mzigo unaocheza ni mzigo unaooza. Nikayapandisha matairi yote manne juu ya gati. Nikazivuta kamba zote mbili mpaka ubavu ukabana kwenye mbao, nikakaza kwa goti. Boti ikatulia. Nikashusha tenga la mwisho, mwenye bajaji akawa ananipigia honi, nikaondoka.

Sikusahau. Ningependa kuandika kwamba nilisahau. Nilipofika barabarani nilikumbuka, nikatazama tope la kurudia, nikajiambia imekaa vizuri kuliko alivyoiacha.

Mvua ikanyesha usiku ule na Jumapili kutwa. Jumatatu asubuhi tulikuta boti imelala ubavu. Ziwa lilikuwa limepanda, kamba fupi zikaushikilia upande mmoja usiinuke, mawimbi yakaingia, na ubao wa ubavuni ulikuwa umepasuka kwa kugonga nguzo. Matairi yalikuwa juu ya gati, yamejaa maji ya mvua.

Paskasi alisimama akiyatazama. Rogath, mwenye boti ya jirani, kijana mwenye mdomo, ndiye aliyesema kwanza.

"Mzee, leo umeacha matairi juu, kesho utakuja ziwani umevaa shuka la kulalia."

Watu wakacheka. Nilikuwa na nafasi ya kusema, fupi lakini ilikuwepo. Nimepata faida nyingi maishani kwa kunyamaza hadi mwenzangu ajitajie bei mwenyewe, na pale nilinyamaza kwa mazoea yale yale. Paskasi akajitajia.

"Labda niliyapandisha nikapitiwa," alisema. "Nilikuwa nawaza msiba."

Kuanzia hapo mzee akaanza kujikagua. Jumanne alimwomba Philomena, muuza samaki, amhesabie makasia, na makasia yenyewe ni mawili. Jumatano boti ilikuwa imevutwa nchi kavu, ameifunga kwenye mti, akaniona napita.

"Mama Vailet, wewe una macho mazuri. Hebu niangalizie fundo hili, limeshika?"

Nikaliangalia. Lilikuwa fundo safi. Nikasema limeshika, nikauondoa mkono wangu kwenye ile kamba haraka kama mtu aliyeshikwa anaiba.

Alhamisi mke wake, Mama Salvatory, alikuja kibandani kwangu sokoni. Akichagua nyanya akaniambia mzee ameamua: Jumamosi anamkabidhi Rogath boti, wao wanahamia Sigino kwa mtoto wao wakalime. Mtu asiyeiamini mikono yake, alisema, asibebe watoto wa wenzake majini. Hakulalamika. Nikamwongezea nyanya mbili, akanishukuru, na shukrani ile sikujua niiweke wapi.

Niseme ukweli: jambo la kwanza nililowaza ni kwamba Rogath atanitoza zaidi. La pili, kwamba mikono ile haikuwa na kosa lolote, ndilo lililoniinua pale kibandani. Saa kumi nilikuwa nyumbani kwa Paskasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Vailet. Karibu kiti."

Sikukaa. Nikamweleza yote, matairi, kamba, goti, mpaka pale barabarani nilipokumbuka nikaendelea na safari. Alikuwa ananoa jembe. Tupa ikasimama.

"Basi nilifunga vizuri," alisema.

"Ulifunga vizuri."

"Na matairi nilishusha."

"Yote manne."

Akayajaribu makali ya jembe kwa kidole gumba. Nami, kwa sababu ndivyo nilivyo, nikaanza kutoa ofa. Ubao mpya juu yangu, fundi juu yangu. Akatikisa kichwa. Nikaongeza rangi.

"Ubao nitanunua mwenyewe," alisema. "Wewe nenda kaseme palepale walipocheka. Wakiwepo wote."

Nilijaribu kupunguza. Nikasema nitamweleza Rogath pembeni, naye atawafikishia wengine. Mzee akarudi kwenye jembe lake. Nimepatana na madalali wa kila aina, sijakutana na bei isiyosogea kama ile.

Ijumaa asubuhi nikasema, gatini, mbele ya abiria wa kwanza na akina mama wa samaki. Sikuremba. Rogath akawa wa kwanza tena.

"Kumbe Mama Vailet unafunga boti kama mbuzi wa mnadani. Na ukatuacha tumseme mzee wa watu siku nne."

Safari hii hakuna aliyecheka. Philomena akachukua ndoo yake, akahamia upande wa pili wa gati.

Jumamosi Paskasi hakumkabidhi mtu boti. Aliishusha majini na ubao wake mpya ambao haujapakwa rangi, akasogea gatini. Nilikuwa nimefika na matenga matupu, nikamkaribia kama nilivyozoea.

"Wewe subiri kule juu," alisema, bila hasira. "Nitakuita."

Nikapanda mpaka barabarani. Manyunyu yakaanza. Akapakia akina mama, akapakia baiskeli, akapakia mabati ya mtu wa ng'ambo na mbuzi wawili, kila kimoja kwa nafasi yake. Mimi aliniita wa mwisho.