Tela la Baba, Jiwe la Bibi

Juzi nilikuwa kwenye basi, tumeiacha Manyoni tunaelekea Singida mjini, mara mbele yetu ikatokea pikapu inavuta tela la matofali. Tela lilikuwa linacheza. Si sana, kushoto kidogo, kulia kidogo, kama mlevi ambaye bado anajiheshimu. Nikajikuta nimesimama, nimemshika kondakta bega: "Mwambie dereva asiwasogelee! Wamepakia nyuma wale!" Abiria wakacheka. Kijana wa kiti cha jirani akaniuliza, "Mama, kwani wewe ni trafiki?" Nikakaa, lakini mguu wangu uliendelea kukanyaga breki isiyokuwepo mpaka tulipowapita.

Mimi si trafiki, rafiki yangu. Mimi ni mtoto wa dereva tu, na mtoto wa dereva hata akizeeka hawezi kukaa garini akatulia.

Baba aliendesha lori la ushirika miaka mingi. Ushirika ulipolegea, madereva wakapunguzwa kazini, naye akarudi nyumbani na koti la kazi na kifua kinachomwaka. Bahati yake ruksa ya biashara ilikuwa imeshaingia. Maduka yaliyokuwa yakiuza viberiti na vumbi yakajaa sabuni za rangi, redio na masufuria yanayong'aa, na magari yaliyotumika yakaanza kufika kutoka ng'ambo. Baba akapata pikapu, si ndogo si kubwa, yenye maandishi ya Kijapani mlangoni ambayo hakuna aliyejua kuyasoma na ambayo alikataa yasifutwe. Kisha akaenda kwa fundi wa kuchomelea, wakachukua ekseli ya gari lililokwishakufa, wakaitengenezea tela.

Kuanzia siku hiyo hatukumwona tena amekaa. Nani alikuwa anakaa enzi zile? Singida nzima ilikuwa mbioni. Vitunguu vinatoka, mitumba inaingia, alizeti inakwenda kukamuliwa, kila mtu anaogopa mwenzake asimtangulie. Nyumba yetu ilinuka petroli na vitunguu. Baba alikunywa chai amesimama mlangoni, akiipuliza kwa hasira kana kwamba inamchelewesha makusudi. Mama alimwekea ugali, akirudi anaukuta una alama ya tonge moja.

Lakini kwenye tela alikuwa mtu mwingine. Kazi yangu asubuhi ilikuwa kukagua pini inayoshika tela na gari, na minyororo miwili ya akiba iliyopishana chini yake, halafu nigonge matairi kwa fimbo nisikilize upepo. Nikisema "tayari" bila kuinama, ananirudisha. Alikuwa na misemo yake. "Kuvuta kila mtu anaweza, kazi ni kusimama." Na mwingine: "Tela likianza kucheza, wewe usicheze." Maana yake usikanyage breki kwa hofu wala usikate usukani, toa mguu kwenye mafuta, shika usukani kwa utulivu, liache lichoke lenyewe. Mzigo mzito alitaka ukae mbele ya ekseli, uelemee gari kidogo. Kwa hilo hakuwa na mzaha na mteja yeyote.

Mteja aliyemshinda alikuwa mama yake.

Bibi alikuwa akiishi Kilimatinde. Babu alikuwa amefariki, na masika yaliyofuata yakaangusha upande mmoja wa tembe lao. Baba alikwenda kumchukua, bibi akakataa. Akaenda tena, akakataa. Safari ya tatu alikubali kwa sharti. Kwake yeye mtu akihama, jiwe la kusagia ndilo linalotangulia kuingia nyumba mpya, pamoja na kinu na nafaka. Likitanguliwa na kitu kingine, basi hujahamia, umetembea tu, na mgeni hana budi kurudi kwao. Baba akasema sawa, sawa, kama alivyosema sawa kwa kila jambo huku ameshika ufunguo. Nilikuwa na miaka tisa hivi, shule zimefungwa, akanichukua nikakague pini.

Tulifika Kilimatinde tairi la tela limetoboka. Wakati baba amelala chini ya tela akiziba pancha kwa vumbi na matusi ya kunong'ona, bibi na majirani walikuwa wakisogeza vyombo. Tairi lilipopona, wakapakia bila kumwuliza. Na walipakia kwa akili zao: kitakachotoka mwisho kiingie kwanza. Mbele wakaweka godoro, kitanda cha kamba, mikeka, vibuyu, tenga la kuku. Nyuma kabisa, mlangoni mwa tela, magunia ya uwele, kinu, na jiwe la kusagia ambalo wanaume wawili walilibeba wakitoa macho. Lile jiwe dogo la mkononi, bibi aliloliita mtoto, alilifunga kwenye kanga akalikumbatia.

Baba alipotazama, uso ukambadilika. Nyuma ya pikapu hapakuwa na nafasi hata ya kuku, maana hakuwahi kutembeza gari tupu. Alishapakia mzigo wa mfanyabiashara mmoja, na ulitakiwa Singida kabla maduka hayajafungwa. Majirani wote wamesimama wanaaga kwa kilugha, "Mbukwenyi, mbukwenyi," mama yake analia. Utapakuaje mbele ya watu wale? Akaniambia kwa sauti ya chini, "Tutakwenda polepole."

Baba hakujua kwenda polepole. Alijaribu mpaka Manyoni, halafu akaanza kutazama jua.

Ilikuwa kwenye mteremko mmoja kabla hatujafika Ikungi. Mimi nimekaa katikati, bibi dirishani. Nilihisi kwanza matakoni: nyuma ya gari pamekuwa pepesi, kama mtu ametunyanyua. Kisha tela likavuta kushoto, likarudi kulia, kila zamu kwa nguvu kuliko iliyopita. Kuku wakapiga kelele. Changarawe zikarushwa. Niliuona mguu wa baba ukitoka kwenye mafuta na kubaki hewani, unaitamani breki na hauigusi. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Sijawahi kuogopa vile, na sijawahi kumpenda mtu vile.

Mteremko ukaisha. Tela likachoka. Tukasimama kando ya barabara.

Bibi akafungua mlango, akashuka na kanga yake, akakaa kwenye nyasi.

"Nirudishe," akasema. "Mwenye nyumba hataki niondoke."

"Mama, baba alishakufa. Ni uzito tu huu, umekaa nyuma."

"Jiwe hilo nimesagia unga uliokulea wewe. Leo limekuwa uzito? Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi."

Nilidhani baba atafoka. Alitazama jua, akatazama mzigo wa tajiri, kisha akachuchumaa mbele yake. "Mama, ukijitwika kuni, mzigo ukalalia nyuma, shingo inakuwaje?"

Bibi alifikiri. "Inakuvuta. Unakwenda kama umelewa."

"Basi na gari ni hivyo. Nilikosea kuondoka vile. Jiwe lije mbele."

"Likija mbele litashuka mwisho. Niingie kwako na godoro? Mimi mgonjwa?"

"Nitashusha vyote nje. Hakiingii kitu ndani mpaka jiwe lipite."

Bibi akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Wewe? Wewe usiyesubiri chai ipoe?"

"Mimi."

Tulipakua pale barabarani, tukapakia upya, jiwe na kinu mbele, magunia yakafuata, godoro nyuma. Tela likatufuata mpaka mjini bila kelele. Nilijua bibi anasubiri. Akivunjiwa ahadi hii atarudi kwenye tembe lililoanguka, na hakuna atakayemtoa tena.

Tulipofika nyumbani jua linazama, kijana wa yule mfanyabiashara alikuwa mlangoni anazunguka. "Mzee, shikamoo. Tajiri kafura kule. Acha tela hapo, twende tukashushe mzigo, utarudi." Lilikuwa neno la maana. Baba akainama, akashika pini. Mimi nilisimama karibu, nikaona vidole vyake vimekwishaizungusha. Akageuka kumtazama bibi. Bibi alikuwa bado yumo garini, mtoto wa jiwe mapajani, anatazama mbele kana kwamba safari haijaisha.

Baba akairudisha pini. "Mwambie tajiri nitachelewa," akasema.

Tukashusha vyote barabarani. Upepo wa Singida unaujua. Mkeka mmoja ulikimbia mpaka kwa jirani, watoto wakaukimbiza. Jirani akatoka na mshangao, "Jamani, mmefukuzwa nyumba?" Mama akamjibu huku anashikilia godoro kwa mwili mzima, "Hapana, tunahamia!" Watu wakacheka, wakaja kusaidia. Yule kijana alingoja, akaangalia, akaondoka zake. Magunia yakatoka, kinu kikatoka, na mwisho kabisa baba na jirani wakalibeba jiwe, wakapita nalo mlangoni kiubavu. Hapo ndipo bibi aliposhuka. Akaingia nyuma yake na mtoto wa jiwe, akapiga magoti palepale sebuleni, akasaga konzi ya uwele tukiwa tumesimama wote. Sauti ile ya jiwe juu ya jiwe nikiikumbuka, meno yananisisimka hadi leo.

Akapika uji. Akamwambia baba, "Kaa." Baba akakaa. Mzigo wa watu nyuma ya gari, tajiri amefura, naye akakaa chini na bakuli mikononi, akanywa mpaka mwisho, akaomba mwingine. Tajiri yule hakumpa tena kazi, na baba alilaani jambo hilo muda mrefu, lakini hakuwahi kumlaani bibi. Naye bibi hakutaja tena kurudi. Aliposema "kwetu", alimaanisha kwetu pale, na pale ndipo alipofia.

Sasa wote wawili hawapo. Tela liliuzwa kama chuma chakavu, uwele tunasagisha mashineni, na barabara ile ni lami tupu. Unapita mteremko wetu hujui kama ni mteremko. Mimi nimehama nyumba nyingi, mji hata mji, nikikimbizana na vibarua vyangu. Vijana wa kubeba huingiza chochote kilicho karibu na mlango wa gari, nami niko kwenye simu nawahimiza. Nyumba ninayoishi sasa, kilichotangulia kuingia kilikuwa friji. Ni miaka sasa, majirani wananijua, kodi ya mwaka nimelipa, na bado kila nikitulia kidogo mwili unanyanyuka wenyewe unataka kwenda kwetu, nami nimesimama katikati ya sebule yangu, sijui ni wapi.