Mlango Uliomshinda Mjomba Idi

Juzi nilichomeka chaja kuukuu ukutani, ikapata moto, ikatoa ile harufu ya plastiki na vumbi vinavyoungua kwa pamoja. Mwanangu akakimbilia kuichomoa. Nikamshika mkono, nikabaki nimesimama pale naivuta harufu ile kama mtu aliyepita karibu na sufuria la pilau. Msinicheke. Kwangu mimi hiyo ni harufu ya sebule ya Shangazi Rehema, mtaa wa Majengo, Dodoma, mwaka ambao mimi nilikuwa darasa la nne na yeye amekaa eda.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, maduka yameanza kujaa vitu ambavyo wazazi wetu walikuwa wakivisikia tu kwa watu. Mjomba Idi, mume wa Shangazi, alikuwa dereva wa lori. Safari moja ya Dar es Salaam alirudi na mashine ya gemu iliyotoka Dubai, kaseti moja tu ndani yake. Televisheni walikuwa nayo tayari, kwa ajili ya mikanda ya video, maana matangazo yenyewe kwetu hayakuwa yamefika. Waya wa ile mashine ulipitia kwenye transfoma nyeusi iliyochemka, ikatoa harufu ile ile, mpaka paka akawa analala kando yake.

Ndani ya gemu mlikuwa na kijana wa kilemba chekundu, taa mkono huu, upanga mkono huu, anazunguka nchi yenye misitu, mapango na majumba ya mawe. Alikuwa anatafuta nini? Mpaka leo sijui. Maandishi yote yalikuwa ya Kijapani, isipokuwa pale pa kuandika jina la mchezaji, ambapo herufi zetu zilikuwepo. Kwenye soko la humo ndani palikuwa na mzee mmoja aliyetueleza kila kitu, tena kwa kirefu, nasi tukawa tunamwitikia tu kwa adabu.

Mjomba Idi alicheza kwa fujo. Alibonyeza, akafoka, akapiga magoti mbele ya kioo, akamtukana popo. Kwa nguvu hizo hizo alifika mbali, hadi kwenye nyumba ya mawe juu ya mlima, yenye mlango mweusi, na hapo ndipo alipokwama. Aliupiga upanga ule mlango, akauchoma kwa taa, akaulipua kwa baruti. Wapi! Miezi mizima, kila akirudi safari, ni yeye na mlango. Hata malaria ilipompanda kichwani na kumlaza hospitali, alimwambia Shangazi, "Nikitoka hapa, ule mlango lazima ufunguke." Hakutoka.

Basi Shangazi akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nje ila kwa dharura, hajipaki wanja, hajitii manukato, nguo ni zile zile zisizo na urembo. Bibi, mama yake, akahamia pale. Nami nikapelekwa nimchangamshe, kazi ambayo iliniwia ngumu kuliko hesabu za sehemu. Shangazi alidarizi mashuka ya watu tangu asubuhi hadi Alasiri, kimya. Ukimsemesha anakujibu vizuri, halafu anarudi kwenye uzi wake. Nilimwogopa, nakiri.

Mchana mmoja, kwa uchovu wa ukimya ule, niliwasha mashine bila kuomba ruhusa. Kioo kikaonyesha nafasi tatu za kuhifadhia mchezo. Ya kwanza ilikuwa na jina: IDI. Nikamsikia Shangazi ameacha kushona.

"Asha, nipe hiyo."

Nilidhani napigwa. Kumbe alitaka pedi, kile kidude cha kubonyeza. Akalitazama lile jina mpaka nikaona aibu kuwepo. Hakulifungua. Akashuka kwenye nafasi ya pili, akaandika REHEMA herufi moja moja.

"Naanza mwanzo," akasema. "Namfuata mpaka pale aliposimama. Ule mlango nitaufungua."

Na haraka ilikuwepo. Katika mgawanyo wa mirathi, mashine ilimwangukia shemeji yake wa Kondoa, naye alisema atakuja kuichukua eda ikiisha. Shemeji alikuwa na watoto sita. Jina la Idi lisingemaliza hata siku mbili mikononi mwao, na Shangazi alilijua hilo.

Bibi aliposikia ile miziki akatoka chumbani na tasbihi yake.

"Rehema! Eda na gemu?"

"Mama, nimetoka nje?"

"Hujatoka."

"Nimejipamba?"

Bibi akamtazama toka juu hadi chini, akatafuta kosa, akalikosa. "Haya. Lakini punguza hiyo tarumbeta."

Wiki ya pili Bibi mwenyewe alikuwa ameketi mkekani, bakuli la zabibu za Makutupora mapajani, akitoa amri: "Mpige huyo! Nyuma yako, Rehema, nyuma! Mtoto gani huyu hasikii?"

Jamani, Shangazi alianza vibaya. Popo wa kwanza kabisa alimwua mara kumi na tisa. Nilihesabu, maana nilikuwa mtoto mwenye roho hiyo. Lakini hakufoka hata siku moja. Akifa, anasema "Haya," anaanza tena, na kila mara anafika hatua mbili mbele. Halafu akapata njia yake. Alichukua kipande cha shuka kilichobaki, akawa kila akivuka pango anakidarizi: uzi wa kijani ni msitu, wa buluu ni mto, fundo jekundu ni mahali penye adui, msalaba mdogo ni njia isiyoendelea. Mimi nilikuwa nachora ramani kwenye daftari la jiografia na ramani yangu ilikuwa takataka. Ya kwake ungeweza kuitandika kitandani.

Na adabu zake alikwenda nazo humo humo. Mitungi ya watu hakuivunja, ingawa ndani yake mlikuwa na dawa za kuponya majeraha. Alisema mjane mzima hawezi kuingia kwa watu akavunja vyombo. Na kila alipofika kwenye nyumba aliweka pedi chini, akasema "Hodi" mara tatu, akatulia kwanza, ndipo aingie.

"Shangazi, hao si watu."

"Nyumba si nyumba? Unajua waliomo wamevaa nini?"

Nilicheka mpaka nikalala chali. Yeye wala.

Alikuwa ameshauona mlima kwa mbali umeme ulipokatika. Ilikuwa miaka ya mgao, tulijua siku zetu za kukatiwa, ila siku ile haikuwa yetu. Kioo kikazima puu. Na ile mashine ilitaka kuzimwa kwa utaratibu, la sivyo hufuta ilichohifadhi. Tulingoja mpaka umeme uliporudi. Shangazi akapuliza kaseti, akasema Bismillahi, akawasha.

IDI ilikuwepo. REHEMA ilikuwa imefutika.

Nililia kwa sauti, nakwambieni, kama niliyefiwa mimi. Yeye aliweka mkono kifuani, akasema, "Alhamdulillahi. Ya kwake ipo." Kisha akalivuta lile shuka lake, akalitandaza juu ya magoti, akaandika jina lake upya. Njia aliyoitafuta kwa miezi miwili na zaidi aliirudia kwa siku tisa, jicho moja kwenye kioo, jingine kwenye uzi. Nimesoma shule nyingi baada ya hapo na nimekutana na watu wenye vyeti. Sijaona tena mtu mwenye akili iliyotulia vile.

Zilikuwa zimebaki siku nne eda iishe alipofika mlangoni. Mlango mweusi, nyumba ya mawe, upepo wa gemu ukivuma kama ule wetu wa Dodoma wa mwezi wa nane. Nilijua Mjomba alijaribu kila kitu, nikaanza kumshauri alipue kwanza, au achome, au apige juu kidogo.

Shangazi akaweka pedi sakafuni, akakunja mikono mapajani.

"Hodi."

Akangoja. Akarudia. Akangoja, kama mtu anayejua wenyeji huenda wako uani. Akamalizia ya tatu, akanyamaza. Yule kijana wa kilemba alisimama tu, hakuguswa, muda mrefu kupita alivyowahi kusimama kwenye mikono ya Mjomba Idi.

Mlango ukafunguka.

Wallahi ukafunguka wenyewe, taratibu, mwanga wa moto ukatoka ndani. Nilipiga kelele, Bibi akamwaga zabibu. Shangazi alikuwa amejifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, anacheka na kulia papo hapo. "Idi jamani! Idi wewe! Kumbe ulitakiwa utulie tu!"

Ndani palikuwa na mwanamke mtu mzima anakoroga chungu, na nyuma yake mlango mwingine, na nje ya huo nchi mpya kabisa, milima ya theluji, barabara nyeupe. Nikaruka. "Twende, Shangazi! Tuna siku nne!"

Hakwenda. Akahifadhi, akarudi mwanzo, na kwa mara ya kwanza akafungua nafasi ya Idi.

Na yeye alikuwa pale pale. Upanga umechomolewa, pua imegusa mlango. Shangazi akamrudisha hatua moja nyuma, akaushusha upanga. Akaweka pedi chini.

"Hodi," akasema. Sauti haikuwa ile ya kwanza. "Hodi." Akangoja. "Hodi."

Halafu Bibi, mkekani kwake, bila kuinua macho kwenye tasbihi, akaitikia, "Karibu, baba. Karibu ndani."

Mlango ukafunguka, naye akaingia. Shangazi akamsogeza mpaka karibu na moto, akahifadhi, akazima mashine kwa utaratibu wake. Hakuigusa tena. Shemeji alipokuja kutoka Kondoa aliikuta imefungwa ndani ya boksi, waya umeviringwa vizuri.

Nilimnunia siku zile zote nne. Nilimwona mwoga, mtu aliyefika kwenye nchi mpya akarudi nyuma, na mwisho wa gemu lile sijauona hadi leo.

Miaka mingi baadaye baba yangu alifariki akiwa amepaka rangi nusu ya dirisha moja la nyumba yetu. Baada ya arobaini nilinunua kopo la rangi ile ile, nikapanda juu ya stuli, nikamalizia nusu iliyobaki. Fundi aliyekuwa akipita akaniuliza kama anisaidie na madirisha mengine, maana rangi ilibaki tele. Nikamwambia hapana, hayo mengine baba hakuwa ameyaanza. Nikashuka, nikampigia simu Shangazi Rehema, nikamwomba radhi kwa kule kununa.