Mshumaa wa Jumatano

Kwa miaka kumi na tisa mikono ya Dada Ndimu haikujua kungoja. Alikuwa mchanganya vinywaji katika baa ya hoteli, yule mwanamke mfupi nyuma ya kaunta aliyetikisa kopo la chuma mpaka barafu ikapiga kelele, akamimina, akatupia jani la mnanaa juu, na kuisukuma glasi mbele ya mteja hata kabla mteja hajakaa vizuri. Kinywaji kikilala kauntani dakika tatu, aliwaambia wanagenzi wake, hicho ni maiti. Pombe yenyewe hakuipenda. Alionja tone moja tu mgongoni mwa kiganja. Jina la Ndimu alipewa na wateja kwa sababu ya kokteli aliyoibuni mwenyewe, ya pombe kidogo, ndimu, mnanaa, tangawizi na sukari ya miwa. Aliiita Jumatano, maana ilizaliwa siku hiyo, wateja wakiwa haba na akili ikiwa na nafasi ya kucheza.

Habari hizo hazikuvuka mlango wa nyumbani. Mama mkwe wake, aliyeishi naye na mumewe, aliwaambia majirani kwamba mkwe wake yuko mapokezi. Ajabu ya dunia hii ni kwamba waliokunywa pale waliingia hotelini kwa mlango wa mbele, wakaitwa waheshimiwa, kisha wakaenda zao na heshima yao ikiwa nzima. Aliyewahudumia akisimama wima saa kumi kwa siku, macho makavu na akili timamu, ndiye aliyesemwa kwa kunong'ona.

Baa ilipofungwa na kugeuzwa ukumbi wa mikutano, Dada Ndimu alirudi nyumbani na kopo lake la kutikisia pamoja na katoni ya glasi fupi zilizobaki bila wenzao. Muda si muda jiko likawa karakana: nta ya soya ikiyeyuka katika sufuria iliyokaa ndani ya sufuria nyingine yenye maji, tambi za mishumaa zikiwa zimenyooshwa kwa njiti za kiberiti, vichupa vya manukato vimepangwa dirishani. Alitaka kitu kimoja tu: mshumaa wenye harufu ya Jumatano, ukae juu ya kabati la sebuleni, ukiwa na jina hilo ubavuni.

"Jina la pombe halipandi kabati langu," alisema mama mkwe. "Uite Maua."

"Mama, hauna hata tone la pombe. Ni soya."

"Soya yenye tabia za baa."

Mumewe, fundi wa redio, aliinamia redio aliyokuwa ameifungua mezani. "Mimi simo," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Asubuhi moja Dada Ndimu alimimina mishumaa miwili katika glasi zake. Alasiri, nta ilipoganda tu, aliwasha mmoja mbele ya mama mkwe. Wakakaa. Wakavuta pumzi. Wakatazamana.

"Mwanangu," alisema mama mkwe, "mshumaa wako una mafua."

Haukunukia kitu. Dada Ndimu akaona haya mpaka masikioni.

"Lete huo mwingine," mama mkwe akasema, na sauti yake haikuwa na ubaya. "Kama haunukii, si utawaka tu umeme ukikatika?" Akautia katika droo yake ya sindano na nyuzi, akafunga.

Siku zilizofuata Dada Ndimu alijaribu kila hila aliyoijua. Aliongeza manukato, nta ikatoka jasho la mafuta. Akaimimina ndani ya kopo lake na kuitikisa kama zamani. Ikaganda na matundu matundu kama sponji ya kuoshea vyombo, na mumewe akacheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Kila mshumaa aliuwasha siku ile ile alipoumimina, na kila mmoja ulimwangusha. Siku ya kumi na sita aliketi jikoni, akakata kipande cha karatasi ngumu, akaandika kwa mwandiko mzuri: Maua. Pengine mama alikuwa na haki. Akakitia mfukoni mwa aproni.

Alasiri hiyo wingu likafunga na umeme ukakatika. Sebuleni alikuwepo jirani, fundi cherehani, aliyekuja kumpima mama mkwe gauni. Dada Ndimu alikuwa akiosha sufuria alipoisikia harufu: ndimu kwanza, kali na safi, kisha mnanaa, na nyuma yake tangawizi kwa mbali. Akatoka mbio, mikono inachuruzika maji.

"Nani amekata ndimu?"

"Nikuulize wewe," alisema mama mkwe. "Mimi nimewasha mshumaa wako mgonjwa."

Dada Ndimu akautazama mwali juu ya stuli. Siku kumi na sita ndani ya droo! Manukato yalikuwa yanataka muda wa kushikamana na soya, naye alikuwa akiyaharakisha kama mteja mwenye kiu.

"Harufu tamu hii!" alisema fundi cherehani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. "Inaitwaje?"

Dada Ndimu aliishika ile karatasi mfukoni, akamtazama mama mkwe. Mama mkwe akauinua mshumaa, akaenda nao taratibu mpaka kabatini, akaushusha katikati.

"Inaitwa Jumatano," akasema. "Ni kinywaji. Huyu alikuwa akikitengeneza kule hotelini, nyuma ya kaunta."

"Si ulisema yuko mapokezi?"

"Alikuwa anapokea wenye kiu."

Fundi cherehani akapasuka kwa kicheko. Dada Ndimu hakuweza hata kucheka. Alitoa karatasi yake, akaigeuza, na upande ulio safi akaandika jina lenyewe.

"Na kileo kikitolewa," mama mkwe akauliza bila kumtazama, "kinywaji chenyewe huwa kinafaa kunywewa?"

"Kinafaa sana, mama."

"Basi umesimama hapo unafanya nini? Jirani ana kiu."

Barafu ya jokofuni ilikuwa bado haijayeyuka. Kwa mara ya kwanza mlio wa barafu katika lile kopo ukasikika mpaka sebuleni. Dada Ndimu akaja na glasi tatu, jani la mnanaa juu ya kila moja. Mama mkwe akaipokea yake, akaishika tu, akiuangalia mshumaa kabatini.

"Kunywa, mama. Hiki hakingoji."

"Mshumaa tumeungojea wiki mbili, mimi ndiye wa kuharakishwa?" alisema mama mkwe. Kisha akanywa, na aliporudisha mkono, glasi ilikuwa nusu.