Vikombe vya Mkono

Kikombe kilichomuunguza mama yangu nilikichora mimi mwenyewe. Nilikaa mezani na rula, nikakipigia mistari, nikachagua karatasi, nikasimama kando ya mashine mpaka cha kwanza kikatoka, nikakibusu kama mjinga. Miezi michache baadaye, kwenye uwanja wa kanisa letu hapa Bugolobi, watu wakinywa chai baada ya ibada, kikombe cha aina hiyo hiyo kilibonyea mkononi mwa mama na chai yote ikamwagika mapajani mwake.

Nilisimama na andazi langu, mdomo wazi. Wengine ndio walioruka. "Bambi, jjajja!" wanawake walipiga kelele, maana hapa Kampala kila bibi ni jjajja, na huruma yote ya dunia wameitia katika hilo neno bambi. Mmoja akaleta maji baridi, mwingine akampepea kwa kitabu cha nyimbo. Mama hakulia. Alikitazama kikombe kilicholala miguuni pake kimekunjamana, kisha akanitazama mimi.

"Hiki ndicho chako?" akauliza.

Nilitamani ardhi inimeze. Usiku ule nilimpaka dawa kwenye malengelenge bila kumwangalia usoni, na asubuhi nikamkuta ametoa begi chini ya kitanda na kuanza kukunja nguo.

"Nirudishe Nakuru," alisema. "Huku nakuaibisha."

Nilikuwa nimemchukua Nakuru mimi mwenyewe, baada ya kiharusi. Kilimwachia maneno yake yote, na ulimi mkali kama zamani, lakini mkono wa kulia kilimwachia nusu tu. Vidole vilijikunja kama ndoano. Vikishika kitu, havijui kukishika kidogo; ama vinakiponda ama vinakiangusha. Wa kushoto ulikuwa mzima kabisa, lakini mama yangu angekufa kwa kiu kabla ya kupokea chai mbele za watu kwa mkono wa kushoto. Ndivyo alivyotulea, na kiharusi hakikumbadilisha.

Kazini waliposikia, walinitania kwamba mganga hajigangi. Niliwakasirikia wote. Kiwanda chetu ni kidogo, kiko huko chini kwenye maghala, na vikombe vyetu ni vya kutumia na kutupa. Wanunuzi wa jumla kule Kisenyi wanataka katoni nyepesi yenye vikombe vingi, basi tunapunguza karatasi, tunapunguza tena, mpaka chai ndiyo inayokishikilia kikombe badala ya kikombe kuishikilia chai. Nilikuwa nalijua hilo. Ila nilikuwa nalijua kwa kidole cha mtu mzima wa afya, anayekamata kikombe kwa juu, karibu na ukingo, huku akipiga soga.

Nilimwomba mama anipe muda nitengeneze kikombe anachoweza kukishika. Akakubali kwa masharti: kanisani harudi mpaka kikombe kiwepo, na kisipopatikana, anapanda basi. Begi akaliweka nyuma ya mlango ili kila nikiingia nilione.

Basi nikawa naleta vikombe nyumbani, tunavijaribu na maji baridi juu ya beseni. Nilianza kwa karatasi nzito. Mama akaiponda polepole, lakini akaiponda. Nikaweka kuta mbili zenye hewa katikati. Kilikaa imara na hakikuchoma, ila kilinenepa hata vidole vyake havikukizunguka, kikaruka mpaka ukutani. Nikaweka mikunjo ubavuni kama ya bati la paa. Mama akasema sasa anakunywa kwenye nyumba.

Vilivyonifungua macho ni vile vidole vyenyewe. Jioni moja nilimwona anabeba mfuko wa nyanya. Hakuushika, aliuning'iniza tu kwenye ile ndoano, na mfuko ukatulia. Nilipiga yowe hata jirani akagonga ukuta. Kumbe mkono wa mama haukuhitaji kikombe cha kukamata. Ulihitaji cha kuning'inia.

Kesho yake nilikata mabawa mawili ya karatasi nzito, nikayagandisha ubavuni mwa kikombe. Yakilala, vikombe vinapangika kimoja ndani ya kingine. Ukiyakunjua, yanakutana na kuwa mkono, mkono wa kikombe kama wa kikombe chochote cha udongo. Ukingo nikauviringisha mara mbili usilegee mdomoni. Kiwandani tukaviita vikombe vya mkono. Tulitengeneza katoni moja ya majaribio. Bosi akasema tuipeleke kanisani kwetu Jumapili, tuwaone watu wakivitumia. Mama akatoa gauni lake la bluu na kulipiga pasi kwa mkono wa kushoto.

Jumamosi nilimpigia simu dereva wetu. Ni Muganda, mtu mzima, Kiswahili chake alikipata jeshini na anakipenda kuliko sisi tuliozaliwa nacho.

"Ssebo," nikamwambia, maana ndivyo wanavyoita bwana, na bibi ni nyabo, "kesho asubuhi na mapema, vile vikombe vya mkono uvipeleke kanisani."

"Sawa sawa, nyabo! Kazi imekwisha!"

Jumapili ibada ikaisha, tukatoka uwanjani. Mama alikaa kiti cha mbele, mkono wa kulia juu ya paja, tayari. Sinia likaja, na juu yake vilikuwa vikombe vile vile vya zamani, vyembamba. Nilikimbilia jikoni, nikatazama chini ya meza, nikamuuliza kila mama aliyeshika birika. Hakuna aliyeona katoni. Nikapiga simu.

"Nyabo, nirifika zamani!" dereva alipaza sauti, na nyuma yake nikasikia watu wakicheka na vyombo vikigongana. "Batu nafurahi sana! Hii vikombe ya kalatasi nazuri!"

"Umefika wapi?"

"Hapa kanisani. Mukono."

Nilirudia neno lile kama mtu aliyepigwa kofi. Mukono. Kuna mji unaitwa Mukono, huko mashariki ukitoka Kampala, na kuna kanisa huko ambalo hununua vikombe vyetu. Nilisema vikombe vya mkono. Yeye akasikia vikombe vya Mukono, na kama askari mwema akatii. Nilitaka kucheka, nilitaka kulia, nikabaki nimeshika simu iliyokwisha kukatika.

Nilipogeuka, binti mmoja alikuwa amepiga magoti mbele ya mama, kwa adabu ya Kiganda, anamnyooshea kikombe chembamba kwa mikono miwili. Mama aliufunika mkono wake kwa kanga.

"Asante mwanangu," alisema. "Nimeshiba."

Hakuwa amekula kitu tangu asubuhi. Njiani hakunilaumu, na hilo ndilo lililonitisha. Nyumbani alilivuta begi kutoka nyuma ya mlango, akaliweka mbele yake. "Kesho," alisema. Nilijaribu kumweleza habari ya Mukono, jinsi ilivyokuwa kosa la neno tu. Alinisikiliza kwa heshima kama anavyosikilizwa mgeni.

Jumatatu niliomba ruhusa kazini. Dereva alipojua kwamba tunakwenda kupanda basi, akasema lazima atupeleke yeye, na kwanza amwombe jjajja msamaha. Aliingia kwetu akiwa amebeba ile katoni. Akaifungua kwa fahari, na nikaachama.

Vilikuwa vimeoshwa. Vikombe vya karatasi, vya kutumia na kutupa, vilikuwa vimeoshwa kwa sabuni, vikaanikwa juani, vikapangwa. Vingine vimepinda kama masikio ya mbwa, vingine mshono umeachia, vichache vimesimama wima kana kwamba havijaguswa na maji.

"Nani aliwaambia waoshe?"

"Hakuna," dereva alijibu, akinishangaa mimi. "Kitu iko na mukono, nyabo, nani atatupa? Batu barisema hii ni vikombe ya mwenyewe, lazima irudi. Ile haina mukono, ile ndio ya kutupa."

Mama aliinua mkono wake wa kulia, akaugeuza huku na huku mbele ya macho yake.

"Umesikia?" aliniuliza, akitabasamu. "Kisicho na mkono ndicho cha kutupa."

Dereva alianza kucheka, kisha akaona uso wangu, akaacha. Wiki zote zile nilidhani tunazungumza juu ya chai. Nilidhani anaogopa kumwagikiwa, anaogopa macho ya waumini. Begi lile nyuma ya mlango halikuwa la mtu anayetaka kuondoka. Lilikuwa la mtu anayetaka kuondoka kabla hajaondolewa, na mimi nililipita kila jioni nikiwaza ukingo na gundi.

"Mama," nikasema, "hakuna anayekutupa. Sikilizeni wote wawili. Hakuna."

"Sijasema unanitupa. Nimesema nimesikia." Aliingiza mkono katika katoni, akachagua kimoja kati ya vile vilivyosimama wima, akayakunjua mabawa yake kwa meno. "Mimina chai."

"Mama, hicho kimeshanywewa na mtu!"

"Vikombe vyote duniani vimeshanywewa na mtu. Mimina."

Nikamimina. Ndoano ya vidole vyake ikaingia kwenye ule mkono wa karatasi na kutulia. Kikombe kilipanda, kikatetemeka njiani, kikafika. Alikunywa, akanywa tena. Dereva alivua kofia.

Basi liliondoka bila sisi. Bosi, aliposikia kwamba watu wanaviosha, alishika kichwa: kikombe kisichotupwa, akasema, kitatuua kwa njaa. Bado tunabishana naye.

Jioni ya Jumatatu ile kitako cha kikombe cha mama kilianza kuvuja. Nilikichukua mezani nikitupe, kama ninavyotupa mamia kila siku. Akanidaka kifundo cha mkono kwa vile vidole vyake vya kulia, akakaza.

"Uwii! Mama, unaniumiza."

"Vizuri," akasema, na hakuniachia.