Bonde Lisilokuwa na Jina

Mjomba Tsuchao Lor ni Hmong wa Kijani. Kijijini kwetu, huku milimani Laos, karibu wote ni Hmong Weupe: kabila ni moja, lahaja mbili. Amemwoa shangazi yangu hapa miaka arobaini sasa, na bado wanamtania anavyoongea.

"Utadhani ana kiazi mdomoni," shangazi zangu husema.

"Nilipewa na mama mkwe," anawajibu. "Na kilikuwa kibichi."

Lakini mtu akifa wanamkimbilia yeye. Ndiye anayejua kumwimbia marehemu njia, kumrudisha nyuma kila mahali alipowahi kuishi, mpaka chini ya kitanda cha mama yake, pale lilipozikwa kondo lake la nyuma alipozaliwa. Kwetu kondo hilo ndilo vazi la roho, lazima ilivae kwa safari ya kwenda kwa mababu. Ukiruka mahali pamoja tu, roho inakwama hapo.

Mwaka jana alifariki jirani yetu, bibi Blia. Asubuhi Tsuchao akakaa karibu naye, akaanza. Akaishukuru mizimu ya hapa kwa maji na kuni, akamtoa Blia kijijini. Akamfikisha kwenye kambi ya wakimbizi Thailand, alikoishi kabla ya kurudi huku. Halafu akaacha kuimba, akatugeukia.

Kabla ya kambi, wakati wa vita, Blia alijificha msituni miaka mitatu. Msitu gani? Hakuna aliyejua. Tsuchao mwenyewe aliongea naye kila siku, lakini habari za mahindi tu. Hilo hakumuuliza.

"Ruka tu, mjomba," akasema Kou, mtoto wa marehemu. "Mama atapaona mwenyewe."

"Wewe mwenyewe juzi ulipotea ukienda sokoni."

Tukampigia simu mdogo wake Blia, aliyeko Amerika. Wakatokea kwanza wajukuu, hata salamu yetu hawakuielewa. Kisha akaja bibi mwenyewe. Alilia kwanza.

"Hapakuwa na jina," akasema. "Sisi tulipaita Bonde la Mizizi Michungu. Ndiyo tuliyokula."

Tsuchao akamwomba arudie mara tatu. Halafu akaliimba jina hilo kwa lahaja ya Hmong Weupe, vilevile bibi alivyotamka, kwa sababu mizimu ya kule ilizoea kulisikia hivyo. Hakuna aliyecheka. Blia akapita.

Siku hizi Tsuchao anazunguka nyumba kwa nyumba, anauliza wazee wameishi wapi na wapi. Kwetu alimkuta mama anapepeta mchele.

"Shemeji, ndiyo unaniombea kifo?"

"Nakutafutia njia. Haya, ulizaliwa wapi?"

Mama akapepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.