Elvanise Aliyeikalia Jenereta

Kule milimani Bwa Salè, kusini mwa Haiti, hakuna aliyewahi kumwita Elvanise Dorsaint mpole. Aliuza ndizi za kukaanga nje ya lango la hospitali, na ulimi wake ulikuwa wa moto kuliko mafuta yake. Hata hivyo wagonjwa walimpenda, maana asiye na jamaa wa kumletea chakula alikula kwake.

Hospitali ile wanakijiji waliijenga wenyewe, wakipandisha mawe kutoka mtoni. Elvanise aliyabeba akiwa bado na msiba wa dada yake, aliyefia njiani akipelekwa mjini kujifungua. Jenereta ndiyo iliyoletwa na shirika la msaada.

Siku moja ya soko likaja lori lenye wapakizi. Akashuka Bwana Fénelus, mwakilishi wa shirika, viatu vikimetameta. Akamweleza muuguzi Guerda kuwa wafadhili wamebadili mpango: jenereta inahamishiwa pwani, kwenye zahanati ambayo wageni huifikia kwa urahisi.

"Nina mama humu ndani, mtoto amekaa vibaya," Guerda alisema. "Daktari anampasua leo. Tutamulika na nini?"

"Dada, mimi natumwa tu."

Elvanise aliyasikia yote. Akaepua kikaango, akajifuta mikono, akaingia kwenye kibanda cha jenereta na kuikalia kama aliyepanda punda.

"Mama, shuka bwana. Utachafua nguo."

"Nguo zangu nafua mwenyewe. Wewe hangaika na viatu vyako."

Wapakizi wakaangua kicheko. Fénelus akapandisha sauti: "Hii ni mali ya shirika!"

"Mlipoileta mlituchezesha ngoma, mkatupiga picha mpaka macho yakatuuma. Mkasema zawadi. Kwenu zawadi hunyang'anywa?"

"Wafadhili wakikasirika hamtapata hata bendeji!"

"Na wakasirike! Dada yangu alikufa wao wakiwa hawana hasira na mtu."

Wanawake wa sokoni wakajaa uani, wengine wakaketi mbele ya magurudumu ya lori. Fénelus akatishia kuita polisi.

"Waite!" mmoja akamjibu. "Mke wa mkuu wao ana mimba kubwa. Atazalia wapi, kwenye gari lako?"

Mpakizi mkubwa kuliko wote akakunja kamba yake. "Bosi, mimi nilikuja kubeba jenereta. Huyu mama hayumo kwenye mapatano."

Lori likaondoka tupu. Elvanise alishuka pale tu Guerda alipokuja kuiwasha mashine, na jioni ile mtoto wa kike akalia wodini.

Lakini shirika halikusamehe. Dizeli ikakatwa, dawa zikakatwa, na daktari aliyekuwa akilipwa nalo akafunga virago. "Ona ulichotuletea," jirani mmoja alimwambia Elvanise mbele ya wateja. Yakamchoma. Kesho yake akachukua dumu, akapita nalo meza kwa meza sokoni akiomba mafuta ya taa za wodi ya wazazi. Jirani yule naye akamimina yake, kimyakimya. Hospitali ikabaki na Guerda peke yake, na taa ikawashwa kwa ajili ya uzazi tu.

Mwaka uliofuata likaja shirika jingine, dogo, na daktari kijana na masanduku ya dawa. Kabla hawajashusha kitu, Elvanise alisimama langoni.

"Hivi ni vyetu au mnatuazima? Semeni sasa, watu wasikie."

Wageni wakacheka. Yeye hakucheka. Alishika kiuno, akasubiri jibu.