Agnetha Lugembe na Kompyuta Zilizokuwa Zikianza Upya

Agnetha Lugembe alikuwa fundi wa maabara ya kompyuta katika chuo kimoja karibu na Kitete. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kompyuta kumi na tisa zinawaka asubuhi, na kuondoa virusi ambavyo wanachuo walivileta na flashi zao. Alikuwa na miaka thelathini na minne, binti wa wakulima wa kijiji cha Puge, Nzega.

Mwezi wa saba, chuo kikiwa likizo, mwalimu Wilbroad wa kilimo alimfuata maabara.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Agnetha, hii laptop imenishinda."

Mwalimu alikuwa na takwimu za mvua za Nzega za miaka arobaini, na alitaka kujua mbegu ipi ya mahindi ipandwe lini. Ilibidi kila mbegu ijaribiwe kwa hesabu, kwa kila tarehe na kila mwaka.

"Inasema zimebaki siku mia moja na themanini," alisema. "Watu watakuwa wameshapanda."

Agnetha alitazama kompyuta zilizokaa bure. Wiki hiyo alipakua programu huria, ile ambayo yeyote huichukua bure, akaisoma ilivyoandikwa na kuibadilisha akitaka. Programu hiyo huunganisha kompyuta nyingi zifanye kazi moja: moja inakuwa kuu na kugawa vipande vya kazi, nyingine zinahesabu na kurudisha majibu. Laptop ya Wilbroad aliifanya kuu. Alikadiria siku kumi.

Siku ya pili umeme ulikatika saa nne asubuhi, ukarudi saa saba. Laptop, kwa kuwa ina betri, iliona wenzake wamenyamaza, ikahesabu kwamba wamekufa. Waliporudi ikawapa vipande vilevile, kuanzia mwanzo. Kila kompyuta ilikuwa imehifadhi majibu yake ya nusu, ila laptop haikuyauliza. Kipande kimoja kilihitaji saa thelathini, na wiki ile umeme haukukaa saa thelathini mfululizo hata mara moja.

Agnetha aliwaandikia watunzaji wa programu, watu wa nchi za mbali asiowajua. Mmoja alimjibu kwa mstari mmoja: programu imeandikwa kwa ajili ya vyumba visivyokatika umeme, anunue jenereta.

Jibu lilimuuma. Jioni alimsimulia rafiki yake Tufaha, mwenye duka la vipuri vya kompyuta Gongoni.

"Kwani amekukataza kuibadilisha?" Tufaha aliuliza.

"Hajanikataza."

"Sasa unamsubiri nini?"

Agnetha hakuwahi kugusa programu iliyoandikwa na mtu mwingine. Aliisoma wiki mbili kabla ya kuandika mstari wake wa kwanza. Alitaka kompyuta inayorudi iulizwe imefika wapi, kisha iendelee. Jaribio la kwanza lilichanganya majibu ya kompyuta mbili, likatoa tani tisini za mahindi kwa ekari.

"Hayo tutayahifadhi wapi?" Wilbroad alicheka hadi akavua miwani.

Agnetha hakucheka. Alirudi akaongeza ukaguzi: majibu ya nusu yahakikiwe kwanza kuwa ni mazima na ni ya kipande hicho, ndipo kazi iendelee. Safari hii ilikubali. Alituma marekebisho yake pamoja na orodha ya tarehe na saa za kukatika kwa umeme, mara thelathini na moja ndani ya wiki nne.

Yule mtunzaji alirudi na maswali, kisha maswali mengine. Alitaka jambo hilo liwe la hiari, ili lisiwavuruge wasiolihitaji. Agnetha alibadilisha. Mwishoni mwa mwezi wa tisa marekebisho yalipokelewa, na chini yake mtunzaji akaandika: "Ile habari ya jenereta, samahani."

Kufikia hapo hesabu za Wilbroad zilikuwa zimekwisha. Umeme ulikatika mara tisa katikati yake, na hakuna kipande kilichoanza upya. Majibu yalionyesha kwamba kwa mbegu fupi, ile inayokomaa mapema, ni heri kusubiri mvua ya pili kuliko kupanda kwa ya kwanza.

Wawili hao walikwenda Puge kueleza majibu hayo kwenye mkutano wa wakulima. Mektilda, mama yake Agnetha, alisikiliza mpaka mwisho.

"Nusu ya shamba nitafanya mnavyosema," alisema. "Nusu nyingine nitapanda ninavyojua mimi."

Mwaka huo mvua zilinyesha vizuri tangu mwanzo, na nusu zote mbili zilizaa.